Mizani ya Uwanja Ulio Wazi

Asimamaye ukingoni mwa Nyari, lile korongo la Marafa ambalo mvua imelichonga hata likabakiwa na minara ya udongo mwekundu na mweupe, huliona bonde zima kwa kutupa jicho mara moja, lakini haambiwi ashukie wapi. Njia si moja, na kila njia ina taabu yake na faida yake. Mimi, ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatazama vijana wa Magarini wakicheza gemu za kufyatua risasi, zile ambazo mchezaji huuona ulimwengu kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, sijapata mfano bora kuliko huo wa kumwelezea mtu uwanja ulio wazi, au leveli, kama wachezaji wenyewe wasemavyo.

Aghalabu watu hudhani kuwa uwazi ni ukubwa. La hasha. Far Cry 2, iliyotolewa na Ubisoft Montreal mwaka 2008, na ambayo kisa chake kimewekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ina eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Na kasoro yake kubwa haikutokana na uhaba wa ardhi, bali na vizuizi vya barabarani, ambavyo ukivisafisha vyote ukaenda zako kitambo kidogo, urudipo huvikuta vimejaa walinzi upya, kana kwamba hukupata kupita. Uwanja usiokumbuka tendo la mchezaji humvunjia heshima. Linganisha na kile kisiwa cha Halo, gemu ya Bungie ya mwaka 2001, katika sehemu iitwayo The Silent Cartographer: mchezaji hushushwa mchangani, akaletewa gari, akaachiwa ufuo auzunguke, kisiwa ni kidogo, walakini hudhani amepewa dunia.

Hata hivyo Far Cry 2 nitaitetea kwa jambo moja, nalo ni upepo. Jioni moja huko Mambrui, katika chumba cha gemu chenye feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, niliwaona vijana wawili wakipokezana pedi mbele ya kambi moja ya maadui. Wa kwanza alitupa chupa ya petroli kwenye nyasi kavu, akajikunyata akingoja kambi iteketee. Moto ukapanda, ukayumba, kisha ukageuka na kumrudia mwenyewe. Mwenziwe, ambaye babake ni mvuvi, alicheka hata akashika mbavu. "Wee! Huoni nyasi zalalia wapi? Washia joshini!" Akaichukua pedi, akazunguka taratibu hadi upande utokako upepo, akawasha, akaketi. Hakuna maandishi yoyote kiooni yaliyomfundisha hayo. Elimu ya tanga ilimtosha, na uwanja ulikuwa mwaminifu kiasi cha kuikubali.

Hiyo ndiyo sifa niitafutayo kabla ya nyingine zote: kwamba nikiuliza swali ambalo fundi hakuliandika, uwanja unijibu. Pili yake ni nafasi ya kutazama kabla ya kutenda. Crysis, kazi ya Crytek wa Ujerumani ya mwaka 2007, humpa mchezaji darubini ya kuwapeleleza maadui kutoka mbali, na vazi ambalo kwa hiari yake litamficha, litamwongezea mbio, au litamtia nguvu. Hivyo zile dakika za kukaa kilimani bila kufyatua hata risasi moja huwa na ladha kuliko vita vyenyewe. Uwanja unaokutupa katikati ya risasi na kukuhimiza "songa mbele" umekwisha kukuamulia.

Jihadhari na uwazi wa bandia. Mafundi wavivu hujenga milango mitatu, nayo yote huingilia sebule moja, wakakuita mwenye hiari. Tazama na mipaka pia: bahari, jabali na mto ni mipaka yenye adabu, kwa kuwa kila mtu aijua sababu yake, bali ukuta usioonekana, unaokugonga paji la uso katikati ya nyika tupu, ni hadaa, na mimi huizima gemu papo hapo. (Wenzangu husema nina hasira za bure. Labda.)

Sanaa hii si mali ya ughaibuni peke yake: mwaka 2015 Wakenya walitoa Nairobi X, gemu ya kufyatua risasi iliyowekwa katika mji wetu mkuu. Basi yeyote atakayejenga nyingine, na apande Marafa jua likishuka, akae ukingoni, ahesabu njia za kushukia.

Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha zako, watafute wawili waliokwisha kuupita uwanja mmoja, uwasikilize kila mtu peke yake. Wakisimulia kisa kimoja, neno kwa neno, usinunue.