Pumzi ya Waitikiaji

Alfajiri ya Jumamosi, kwenye barabara ya ufukweni hapa Gisenyi, Rwanda, utawasikia kabla hujawaona. Makofi kwanza, kisha raba zikipiga lami kwa mpigo mmoja, kisha sauti kavu ya mtu mmoja anayeita na kundi zima likimwitikia, mara Kinyarwanda, mara Kiswahili. Aliyesoma Tanzania atasema: kumbe mchakamchaka! Ndio huohuo, ila hapa hakuna mwalimu wa zamu.

Anayeita mara nyingi si mwenye mbio kuliko wenzake. Ni mwenye masikio. Anapoita, wengine wamenyamaza, nao huvuta hewa. Wanapoitikia, hewa inatoka, watake wasitake. Hapo ndipo sisi wageni wa mbio tulipokuwa tukikosea. Tulivuta, tukavuta tena juu ya hewa ambayo hatujaitoa, hadi kichomi kikatubana ubavuni. Pafu likimwagwa sawasawa hujijaza lenyewe. Kiitikio humfanya mtu amwage.

Mwaka 1983, watafiti Dennis Bramble na David Carrier waliandika katika jarida la Science kwamba farasi akienda shoti, pumzi yake imefungwa kwenye mwendo wake, pumzi moja kwa kila mruko. Binadamu anao uwiano zaidi ya mmoja wa kuchagua. Kiongozi wa wimbo huuchezea uhuru huo bila kuwahi kusikia habari za Bramble. Gisenyi iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na barabara ya Rubona ikianza kupanda utamsikia akikata wito wake: sentensi inakuwa maneno mawili, maneno mawili yanakuwa neno moja. Ziko programu za simu zinazolia kukuambia vuta, toa. Sizidharau, lakini simu haimsikii anayehema nyuma yako.

Rubona kwenyewe, asubuhi, wavuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hurudi na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba na kupiga makasia. Ufundi ni uleule, mikono badala ya miguu.

Siku moja nilipewa zamu ya kuita. Nilianza kwa mbwembwe, wito mrefu kama hotuba ya harusi. Mlima ulipofika sauti ilinikatika katikati ya neno, na kundi zima likapoteza hatua, raba zikaanza kugonga ovyo kama mvua kwenye bati. Kutoka nyuma kabisa mama mmoja mwenye kitenge kiunoni akaudaka wimbo, chini kidogo, polepole kidogo. Miguu ikarudi. Aliponipita aliniambia, bila kugeuka:

“Toa kwanza, mwanangu. Utaita baadaye.”