Mwanagenzi, Mtarajali au Kibarua? Majina ya Vijana wa Uhandisi Viwandani

Katika jambo tunalokusudia kulijadili hapa hakuna upungufu wa maneno. Upo wingi wake, na wingi huo ndio unaotutia mashaka. Kijana anayesomea uhandisi, akienda kujifunza kazi kiwandani, huitwa katika karatasi za ofisi mbalimbali mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwanagenzi, mtarajali, au mhitimu anayepata uzoefu wa kazi; naye mwenyewe akiulizwa husema kwamba yuko fildi. Mfasiri apewaye hati ya Kiingereza huchukua lolote lililo karibu na kalamu yake. Maoni yetu ni kwamba maneno haya si visawe, na kwamba kuyachanganya kunamdhuru yule aliye mnyonge kuliko wote katika karakana.

Tuchukue Vingunguti. Sehemu hii ya Dar es Salaam, iliyo baina ya Barabara ya Nyerere na bonde la mto Msimbazi, wengi huijua kwa machinjio yake. Lakini pana pia mtaa wa viwanda vidogo vya SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kandokando ya barabara hiyo, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, vimejipanga viwanda vikubwa vya siku nyingi. Katika karakana za namna hiyo lugha ya kazi ni Kiswahili, tena Kiswahili kilichokamilika: chuma hubanwa kwenye jiliwa, hutobolewa kwa keekee, hukerezwa, hupigwa tupa, huchomelewa. Hakuna anayesimamisha kazi ili atafute istilahi.

Sasa tuseme vijana watatu wamesimama mbele ya mashine moja ya kukereza. Wa kwanza ametoka katika chuo cha ufundi stadi, na anajifunza ukerezaji ili uwe kazi yake ya maisha. Wa pili yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi mitambo. Chuo kimemleta kwa wiki chache, na kikimaliza likizo kitamtaka arudi na daftari lililojazwa. Wa tatu amekwisha kupata shahada, na anatafuta uzoefu utakaomwezesha kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wote wamevaa ovaroli za rangi moja, na fundi huwaita wote «dogo». Fundi hakosei, kwani kazi yake ni kuangalia mikono yao isiingie kwenye mashine. Mwenye wajibu wa kutofautisha ni yule aliyeandika barua walizokuja nazo.

Barua hizo si jambo dogo. Neno kibarua lenyewe lilitokana na karatasi: ilikuwa barua ndogo, kadi aliyopewa mtu wa kazi za kutwa, na baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Kijana wetu naye huingia langoni na barua ya utambulisho. Ikiwa barua hiyo haisemi waziwazi yeye ni nani, msimamizi wa zamu atamtafutia jina kwa kadiri ya mahitaji ya siku ile, na mara nyingi mahitaji ya siku ni kupakia na kufagia. Tumewasikia vijana waliomaliza muda wao wote katika ghala bila kuigusa mashine waliyotumwa kujifunza. Na ajali ikitokea, kabla ya kuuliza fidia ni kiasi gani kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, litaulizwa kwanza swali la istilahi: huyu alikuwa nani hapa?

Tuyapime basi maneno yenyewe. «Mafunzo kwa vitendo» ndiyo yaliyoenea zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Yanataja njia ya kufundisha, hayataji mahali wala hadhi ya anayefundishwa. Mwanafunzi anayechanganya kemikali katika maabara ya shule yumo katika mafunzo kwa vitendo vilevile. Tena hayazai jina la mtu. Wapo waliojaribu kuyaponya kwa kuandika «mafunzo kazini», wasikumbuke kwamba watumishi wa umma wameyatumia maneno hayo miaka mingi kwa mtu aliyekwisha kuajiriwa anayeongezewa ujuzi. Ama kuhusu fildi, tunaliacha kwa wenyewe. Hata hivyo mtafiti wa jamii anayezunguka vijijini ana haki nalo kuliko mtu aliyefungiwa mbele ya tanuri kutwa nzima.

«Uanagenzi» ni neno zuri, lenye umbo la Kibantu na maana iliyotulia: kujifunza kazi ya mikono chini ya fundi. Kosa si la neno. Kosa ni la wafasiri wanaolitanua. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahandisi wahitimu, ujulikanao kwa kifupi cha Kiingereza SEAP. Katika jina la mpango huo limo neno lilelile la Kiingereza linalotumika kwa mwanagenzi wa ufundi stadi. Mfasiri anayefuata neno badala ya jambo atamwandika mwenye shahada kuwa mwanagenzi, na kwa kufanya hivyo atamfuta kijana wa kwanza katika mfano wetu, ambaye ndiye mwenye jina. Serikali yenyewe mwaka 2017 ilitoa miongozo miwili mbalimbali, mmoja wa uanagenzi na wa pili wa mafunzo ya wahitimu. Waliogawa miongozo hiyo waliona kwamba mambo ni mawili. Haifai lugha iyarudishe kuwa moja.

Nchini Kenya magazeti ya Kiswahili yamelipeleka neno hili mbali zaidi, na huandika walimu wanagenzi na madaktari wanagenzi. Hatuwalaumu, maana kila nchi ina mazoea yake. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya huko iliamua kuwa Tume ya Huduma za Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri kwa hadhi hiyo walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa. Kiini cha shauri kilikuwa mishahara, na mishahara hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya jina.

Linabaki «utarajali». Sisi twalipendelea kwa kijana wa tatu, kwa sababu limekwisha kukubalika kwa madaktari: daktari tarajali amemaliza masomo na anangoja idhini kamili. Hata hivyo vyuo vya ualimu vinatuwekea kikwazo, maana mwalimu tarajali ni yule ambaye bado yumo chuoni. Hatuoni njia ya kuvilazimisha vyuo hivyo viache neno vililolizoea. Katika uhandisi ambako mazoea bado ni laini, tunashauri utarajali uwe wa mhitimu peke yake, uanagenzi ubaki kwa ufundi stadi, na yule wa pili aandikwe kwa urefu bila kuona haya: mwanafunzi wa uhandisi katika mafunzo ya kiwandani. Ni maneno mengi, lakini humwambia msimamizi kwamba chuo kitauliza habari zake.

Mpangilio wa maneno nao uangaliwe. «Mhandisi mwanafunzi» tumelikuta katika tafsiri kadhaa, na twalikataa. Mhandisi ni cheo kinacholindwa na sheria ya usajili, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Kumpa mwanafunzi kwanza cheo kisha kumpunguzia kwa neno la pili ni kumtwisha asichonacho. Wafasiri wa sheria walizingatie hili kuliko wote, kwani tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama, na neno litakaloingia katika kifungu halitatoka kwa urahisi.

Neno moja hatujalipata. Ni jina la fundi au mhandisi mzoefu anayekabidhiwa kijana huyo kiwandani. «Msimamizi» ni wa zamu nzima, «mkufunzi» ni wa chuo, na «mlezi» lapendeza lakini laelekea mno upande wa nyumbani. Yamkini mafundi wa Vingunguti wanalo tayari. Tunawaomba wasomaji walio karibu na karakana watuletee neno wanalolisikia, pamoja na sentensi nzima lilimotumika na kazi iliyokuwa ikifanyika wakati huo.