Pasi Isiyojua Moto

Fundi alizilaza pasi mbili juu ya gunia, moja kushoto, moja kulia, akanyamaza. Zote zilikuwa pasi za mkaa, za chuma kizito, zenye mpini wa mti na jogoo wa kufungia kifuniko kwenye ncha. Jogoo wa pasi ya kulia alisimama kifua mbele. Wa pasi ya kushoto alibaki miguu mitupu, na ndiye aliyenipeleka kwenye karakana ile ya Gerezani, Dar es Salaam, maana pasi ya kushoto ni ya marehemu bibi yangu na nilitaka ifungike tena. Ya kulia nilikuwa nimeinunua Unguja, katika duka moja la Mji Mkongwe, kwa fedha niliyoidunduliza miezi mitatu. Muuzaji aliniapia kwamba ina zaidi ya miaka mia na imenyoosha kanzu za vizazi vinne. Nilidhani fundi atamtazama jogoo wake na kutengeneza mwingine kama yeye.

“Fungua hiyo ya kulia,” akasema. Nikamnyanyua jogoo, nikafunua kifuniko. “Ndani ina rangi gani?”

Ilikuwa nyeusi, weusi wa rangi ya kopo, uliopakwa kwa uangalifu hadi kwenye pembe zote.

“Sasa, mwanangu, makaa yalikuwa yakikaa wapi?”

Sikuwa na jibu. Akaifungua ya bibi. Humo hamna rangi kabisa. Kuna kijivu cha majivu yaliyolowea kwenye chuma mwaka baada ya mwaka, kuna magamba mekundu yanayoelekea zambarau pale moto ulipokuwa mkali, na sakafu yake imeliwa vishimo vishimo. Bawaba ya nyuma inacheza, kwa sababu pini yake si duara tena; imelika upande mmoja, ule ambao kifuniko kilivutiwa kila asubuhi. Mpini umekunywa jasho la kiganja, mweusi katikati, na kwenye ncha bado unaonyesha rangi ya mti. Fundi alipitisha kidole gumba chini ya pasi, kwenye uso unaogusa nguo. Wa bibi ulikuwa laini kama kioo, wenye mikwaruzo myembamba inayokwenda mbele na nyuma, na kingo zake za mbele zimepoteza ukali. Wa ile niliyoinunua ulikuwa na chembe chembe za mchanga. Pasi ile isingeweza kupita juu ya leso bila kuichana nyuzi.

Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa ujuzi huo, na ninausifu kwa moyo wangu wote. Watu hudhani kutambua kitu cha kale ni kipaji cha macho, kama kuimba. Kwa kweli ni kukiuliza kitu kuhusu kazi yake. Pasi ya bibi ilitengenezwa ili inyooshe nguo. Ya pili ilitengenezwa ili itazamwe. Mtu anayenakili sura hushika jogoo, hushika maua ya ubavuni, hushika hata kutu. Lakini tundu za hewa huwa anazitoboa kwa pambo, hajui kwamba zikiwa ndogo makaa yatazimika na zikiwa kubwa cheche zitaruka kwenye kanzu nyeupe.

Bibi alijua. Alikuwa akipakia makaa kwa koleo, anafunga jogoo, kisha anatoka uani na kuibembeza pasi mbele na nyuma ili upepo uingie kwenye tundu zile. Akirudi aliipitisha kwanza juu ya jani la mgomba, likatoa harufu ambayo sitaisahau, kisha juu ya kitambaa kikuukuu, ndipo akagusa sare zetu za shule. Kila tendo kati ya hayo liliacha alama kwenye chuma, na alama hizo zilikuwa zinaandikwa na mtu asiyejua kwamba anaandika. Ndiyo sababu ni vigumu kuzighushi. Anayeghushi huweka uchakavu mahali ambapo jicho litatua. Kazi huuweka mahali ambapo mkono ulipita.

Chuma chenyewe nacho kina habari zake. Pasi hizi hazifuliwi kwa nyundo kama jembe la mhunzi. Zinasubiwa: chuma kinayeyushwa mpaka kiwe uji, kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, kisha kinamiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, ndiyo maana huyeyuka mapema kuliko chuma kitupu, ambacho hungoja mpaka nyuzi 1,538. Ndiyo maana pia kikianguka sakafuni hakibonyei. Kinapasuka kama chungu. Jogoo wa bibi alikufa hivyo, kwenye baraza, pasi ilipomponyoka shangazi.

Wachina walisubu chuma karne nyingi kabla ya Ulaya. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga, na kutoka kwenye kazi kama yake huko Coalbrookdale ikafunguka njia iliyofika hadi majumbani: majiko, pasi, vizuizi vya milango, miguu ya cherehani. Nguzo za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, ni za chuma cha aina hiyo hiyo.

Na chuma hiki kikipoa, hujikunyata. Hupungua takriban asilimia 1, basi, lakini asilimia hiyo moja ndiyo shahidi ninayempenda kuliko wote. Anayetaka pasi ya sentimita 20 hana budi kuchonga kielelezo kilichozidi kwa milimita 2, ndipo chuma kikipoa kifike pale alipokusudia. Wachonga vielelezo walikuwa na rula yao wenyewe, iliyorefushwa kidogo kila kipimo, ili wasipige hesabu kila mara. Anayenakili hana kielelezo wala rula hiyo. Ana pasi tu. Anaichukua, anaikandamiza kwenye mchanga, anamimina chuma ndani ya alama iliyobaki, na chuma kinapopoa mtoto anatoka mdogo kuliko mzazi. Akinakili nakala, mjukuu anapungua tena. Manyoya ya jogoo yanakuwa mafupi na butu, macho yanakuwa vidoa, maandishi yanavimba kama yameumwa na nyuki.

Walioujua ushahidi huu kwa undani ni wakusanyaji wa vibubu vya chuma vya Marekani. Hivyo ni vibubu vyenye mitambo, vilivyotengenezwa ili watoto wapende kuweka akiba. Kinachohesabiwa kuwa cha kwanza, Hall's Excelsior, kilipata hataza mwaka 1869: ni nyumba ndogo, na juu ya paa hutokea nyani karani kupokea sarafu, uzito wa sarafu ukamrudisha chini. Kiwanda cha J. & E. Stevens cha Cromwell, Connecticut, kilivitoa vya namna nyingi, na nakala zake zimekuwa nyingi vilevile. Wakusanyaji hao wana michoro ya vitako. Kibubu kinachojulikana kuwa halali kiliwekwa juu ya karatasi, kikazungushiwa penseli. Ukiwa na cha kwako unakiweka juu ya mchoro ule, na ukiona karatasi imebaki ndani ya mstari pande zote, umemshika mtoto. Naona uzuri mkubwa katika njia hiyo. Haihitaji maabara wala mtaalamu wa kufuatwa kwa ndege; inahitaji penseli na mtu aliyekuwa mwaminifu kabla yako.

Alama nyingine nitazipitia kwa haraka, maana kila fundi ana zake. Vipande vya zamani hukutana barabara, ukucha ukipita kwenye maungio haukwami, kwa sababu vilipigwa tupa kimoja kimoja. Na mikwaruzo ya tupa ni mistari iliyonyooka, wakati grenda ya umeme huacha nusu duara zinazopandana. Skrubu yenye kichwa cha nyota ilipata hataza Marekani katika miaka ya 1930, kwa hiyo ukiikuta kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha 1880 una haki ya kuuliza. Kuuliza tu, kwa maana kitu cha kale hutengenezwa, na fundi aliyekirekebisha mwaka 1960 alitumia skrubu aliyokuwa nayo. Mtu anayehukumu kwa alama moja atawaonea wengi. Sumaku pia husaidia: ikishika kwa nguvu huku na kuteleza pale, chini ya rangi kuna kiraka cha kitu kisicho chuma.

Lakini kutu nitaisemea zaidi, kwa sababu sisi wa pwani tunaishi nayo. Upepo wa bahari una chumvi, na chuma kilichoachwa barazani Unguja au Mombasa hubadilika rangi kabla msimu haujaisha. Wauzaji wanalijua hilo. Pasi mpya ikilowekwa maji ya chumvi na kuanikwa, haichukui muda mrefu kuvaa koti jekundu, na mgeni kutoka bara akiliona hufikiri anaona miaka. Ila koti hilo ni la kushonwa siku moja. Lina rangi moja ya machungwa kila mahali, ndani na nje, juu na chini, na ukisugua kwa kitambaa cheupe linaondoka kama unga wa pilipili. Kutu ya umri ni ya kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Imeshikana na chuma, na haikukaa sawasawa. Pale mkono ulipopita haipo. Pale maji yaliposimama imezama. Nikishika chuma cha kale sasa natafuta kwanza mahali ambapo hakuna kutu, na kujiuliza ni nani aliyepakinga.

Fundi hakuitukana pasi yangu ya Unguja hata mara moja, na hilo lilinishangaza. Mimi nilikuwa nimeshaiita bandia mara tano. “Pasi haina kosa,” alisema. “Aliyeisubu alihitaji kula. Mwongo ni yule aliyeipa umri.” Nimelirudia neno hilo, bandia, mara nyingi. Mtoto aliye na mtoto wa bandia mgongoni hadanganywi na mtu. Anajua ni kitambaa na pamba, na anampenda hivyo hivyo. Neno lilikuwa safi kabla ya kuingia sokoni. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1950, zilitolewa nakala za vibubu kwa jina la Book of Knowledge, na zilibeba alama iliyotamka wazi kwamba ni nakala. Zilizaliwa na ukweli wake mwilini. Baadaye ndipo wakatokea watu wa kuisugua alama ile na kuziuza kama za kale. Tangu nilipolijua hilo, kitu cha kwanza ninachofanya nikikabidhiwa chuma chochote ni kukigeuza na kukitazama kitakoni, na nikikuta kiraka kilichosuguliwa kikang'aa kuliko penginepo, najiuliza pale paliandikwa nini.

Jogoo wa pasi yangu ya Unguja hakufaa. Fundi alimpima na miguu iliyobaki kwenye pasi ya bibi, akatikisa kichwa: mdogo, tena uso wake umefutika. Akavuka barabara kwa dobi ambaye bado anatumia mkaa, akaazima jogoo wake kwa siku mbili. Nikarudi siku ya pili nione.

Aliyeyusha nta ya mshumaa na kumpaka jogoo wa kuazima kwa brashi ya nywele chache, tabaka moja jembamba, akasubiri ligande, akapaka tena. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtu aliyesubiri swali. “Nisipomnenepesha, mwanawe atazaliwa mdogo. Na shaba hujikunyata kuliko chuma.” Alikuwa amechagua shaba ya manjano, ya mabomba mabovu ya maji, kwa sababu tanuri lake dogo haliwezi chuma, na pia, alisema, ili mtu akiiona pasi ajue mara moja kipi ni cha zamani na kipi kimeongezwa. Akamlaza jogoo kwenye mchanga uliochekechwa na kuloweshwa kidogo tu, akafunika nusu ya pili ya kalibu, akashindilia, akafungua, akamtoa kwa ncha ya kisu bila kuvunja hata unyoya mmoja. Shaba ilipoingia ilitoa mlio mfupi na moshi mweupe.

Alipovunja kalibu, jogoo alitoka na mkia wa ziada na ngozi ya mchanga. Kazi ya tupa ilichukua asubuhi nzima iliyobaki. Kisha akamgeuza chali kwenye fuawe ndogo, akatoa patasi za namba kutoka kwenye kopo la maziwa, na chini ya kifua, pale kidole cha kufungulia lazima kiguse, akagonga namba nne za mwaka ule, moja moja, akipuliza vumbi kila baada ya pigo. Dobi akarudishiwa jogoo wake, amefutwa nta yote.

Mama wa chai alikuwa na jiko linalowaka mlangoni. Fundi akaomba makaa matatu, akayaweka kwenye pasi ya bibi kwa koleo, akamfunga jogoo mpya, akanipa niende nje nikaibembeze.