Rangi Ndani ya Pete: Uhakiki wa Taswira za Molekuli Zitokanazo na Fuwele

Makala haya yanahakiki desturi iliyokwisha kuzoeleka katika ripoti za utafiti wa dawa, nayo ni kujaza rangi ndani ya pete za molekuli. Mtafiti huchukua muundo wa fuwele kutoka katika hifadhidata ya Cambridge, akaufungua katika programu ya kuchora molekuli, akatoa amri moja, na pete zote zikaibuka zimepakwa rangi. Picha hupendeza. Msomaji, hususan mshauri wa sera asiye mwanakemia, huipokea kana kwamba ni jambo lililoonwa kwa macho. Sivyo. Eksirei hutupatia msongamano wa elektroni. Mahali pa atomu hukadiriwa kutokana na msongamano huo. Bondi aghalabu huchorwa kwa kupima umbali baina ya atomu. Pete hutafutwa mwishoni kabisa, kwa kanuni ya hesabu. Rangi imekalia matabaka matatu ya tafsiri.

Kwa benzeni hatari ni ndogo. Kathleen Lonsdale alithibitisha mwaka 1929, kwa fuwele za heksamethilibenzeni, kwamba pete hiyo ni bapa, na hakuna kanuni itakayoikosa. Tatizo hujitokeza katika molekuli zenye madaraja, na mfano ulio karibu nasi ni artemisinini, asili ya dawa mseto ya malaria itumiwayo katika nchi zetu.

Artemisinini, C15H22O5, ina pete nne. Tatu kati yake, zenye atomu sita kila moja, hazina utata. Ya nne ina atomu saba, na hapa ndipo picha inapoanza kusema zaidi ya ushahidi. Baina ya kaboni mbili zinazoshikilia daraja la peroksidi zipo njia tatu: ya oksijeni mbili, yaani daraja lenyewe, ya oksijeni moja na kaboni moja, na ya kaboni tatu. Njia mbili za mwanzo zikikutanishwa hutoa pete ya atomu sita. Njia ya kaboni tatu, ikikutanishwa na yoyote kati ya hizo mbili, hutoa pete ya atomu saba. Pete hizo mbili za saba zinalingana kwa ukubwa, ilhali kanuni ya kutafuta seti ndogo kabisa ya pete huhitaji moja tu. Programu itachagua, na chaguo lake laweza kutegemea mpangilio wa atomu katika faili. Kwa hiyo watafiti wawili wenye fuwele ileile wanaweza kutoa picha mbili: moja ikionesha daraja la peroksidi kuwa ukingo wa pete mbili zenye rangi, nyingine kuwa ukingo wa pete moja. Si jambo dogo, kwani daraja hilo ndilo huvunjwa na chuma cha himu ndani ya kimelea, na bila hilo dawa haifanyi kazi.

Kosa la pili ni la ubapa. Rangi iliyotandazwa huisawazisha pete iliyopinda, kama ile ya sikloheksani yenye umbo la kiti. Mbinu ya PaperChain katika programu ya VMD ni ya kiungwana zaidi, maana rangi yake hubadilika kulingana na kiasi cha kupinda. Lugha nayo haijasalimika: waandishi wanaoandika “duara” badala ya “pete” humpa msomaji ubapa na umviringo ambao molekuli haina. Pete huvalika hata ikipinda.

Wahariri wa majarida ya kanda wangeweza kudai mambo matatu chini ya kila picha ya aina hii: programu na toleo lake, kikomo cha umbali wa bondi, na kanuni ya kutafuta pete. Kwa artemisinini yaongezwe maneno machache tu, kwamba pete ya saba iliyopakwa rangi ni ile ipitayo darajani au ile inayolikwepa.