Wino na Karatasi vya Mwana Kupona

Jirani yangu mmoja hapa Ilala, mwenye kuuza nazi sokoni Kariakoo, alinijia jioni moja akaniambia, "Mwalimu, binti yangu sasa ajua kusoma barua. Yatosha, nataka akae nyumbani. Hata Mwana Kupona katika utendi wake asema kazi ya mwanamke ni kumridhisha mumewe." Sikumjibu upesi, maana maneno hayo yamo kweli. Lakini alipokwisha kwenda nalitwaa kitabu, nikausoma utendi ule tangu mwanzo hata mwisho, nikaona ya kuwa jirani yangu ameshika nusu, na nusu ameiacha.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa bibi wa watu wakuu, mwenyeji wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana na Sultani wa Unguja asikubali kuwa chini yake. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 yeye mwenyewe, hali mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wenye beti zaidi ya 100, kwa lugha ya kwao. Akafariki yapata mwaka 1860. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliupiga chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Haya, na tuupime. Mama huyu mgonjwa haanzi kwa kutaka chakula wala dawa. Amwambia binti yake asogee karibu, alete wino na karatasi. Mtu haagizi vitu hivyo katika nyumba isiyojua kusoma. Ndipo afundisha kumcha Mungu, adabu, ulimi wa kweli, kumsaidia mhitaji, usafi, na kumtunza mume. Na karibu na mwisho awaita wanawake wausome wapate kufahamu maana yake. Basi lile shauri alilolishika jirani yangu lilitungwa na mwanamke msomi, kwa ajili ya wanawake wasomao. Mwenye kulitumia kumtoa msichana shuleni afanana na mtu anywaye maji ya kisima, kisha akakifukia.

Kwa ufundi, utendi huu ni imara. Kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya ubeti vyaishia sauti moja, na cha nne charudi kwenye kina kile kile kiendacho tangu mwanzo hata mwisho. Lakini uzuri wake mkubwa hauko katika hesabu. Afikapo kwenye habari za ndoa yake mwenyewe, mama aacha kuamuru. Asimulia tu jinsi walivyokaa kwa mapenzi hata mauti, na jinsi mumewe alivyomwachia radhi. Kwangu beti hizo ndizo bora kupita zote, kwa maana hapo twamwona mjane, si mwalimu.

Lakini asifuye tu hakupima. Amkataza binti yake kuchangamana na watumwa ila wakati wa kazi. Utumwa katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1907. Mtu asiyafundishe maneno hayo kuwa ni adabu. Tena aiweka Pepo ya mke katika radhi ya mumewe. Sisi Wakristo hatuwezi kulipokea neno hilo, na naona mzigo wote wa nyumba amemtwika mke peke yake.

Uingereza nako alikuwako bibi wa namna hii, Mary Sidney, aliyeishi tangu 1561 hata 1621. Kaka yake Philip alianza kuzitunga Zaburi kwa mashairi ya Kiingereza. Alikuwa ametunga 43 alipokufa kwa jeraha la vita mwaka 1586. Dada yake akazitunga 107 zilizobaki. Mabibi hawa wawili walitengana kwa dini, kwa nchi na kwa zama. Lakini wote wawili walifundishwa kabla mtu hajajua elimu yao itazaa nini.

Siku ya pili nalimwendea jirani yangu sokoni, nikamsomea mwanzo wa utendi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na huyo binti, alijua kuandika?" Nikamjibu, "Bwana, mama yake aliagiza wino." Hajaniambia bado shauri lake, lakini binti angali akija shuleni.

Nanyi wazee wenzangu, mwalijua neno la wahenga: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Naye mama atafunza nini, ikiwa yeye mwenyewe hakufunzwa?