Mgunda Mkali: Ushairi wa Pwani na Nafaka ya Bara

Kiswahili kina maneno mawili makubwa ya kutajia hali njema ya jamii: ustaarabu na utamaduni. La kwanza limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufuata mwendo wa Waarabu. La pili linatokana na mzizi ule ule uliozaa madina, yaani mji. Yote mawili hayana shamba ndani yake. Shamba limeachiwa neno jingine, mshamba, nalo ni tusi. Mshairi wa pwani hurithi hukumu hii pamoja na vina na mizani, na aghalabu haiulizi imetoka wapi.

Chukuliwe mfano wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulioomboleza kuanguka kwa Pate. Fahari ya mji humo hupimwa kwa majumba, taa, na vyombo vya kaure vilivyopangwa katika zidaka. Mtunzi halaumiwi. Alikusudia kuionya nafsi isiipende dunia, na dunia yake ilikuwa ya vitu hivyo. Kasoro ni ya waliomfuata, ambao waliigeuza orodha ya vitu vinavyopotea kuwa ndiyo maana ya ustaarabu wenyewe, wasiulize waliokaa katika majumba yale walilishwa na nani.

Ardhi ya Pemba imekwisha kulijibu swali hilo. Uchunguzi wa mabaki ya mimea uliofanywa na Sarah Walshaw, ukachapishwa mwaka 2010, umeonyesha kwamba Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, ulikula uwele zaidi ya nafaka nyingine yoyote. Mchele ulikuja kushika nafasi ya mbele baadaye, katika Chwaka ya karne ya 11 hadi ya 15, mji wa misikiti ya mawe. Naye al-Masudi, aliyesafiri bahari hii katika karne ya 10, aliandika kwamba mtama ni katika vyakula vikuu vya Wazanji. Basi msingi wa miji ya pwani uliwekwa kwa nafaka za nchi kavu kabla ya wali kuwa chakula cha heshima.

Nafaka hiyo ina makao yake bara, na hapana mahali pa kuitazama vizuri kuliko Singida. Haina maana kwamba uwele wa Tumbe ulitoka huko. Uwele ulianza kulimwa kandoni mwa Sahara, katika nchi ya Mali ya leo, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ukasambaa kwa mikono ya wakulima wengi. Lakini Singida yaonyesha jinsi ardhi inavyoamua sura ya ustaarabu. Mvua ni msimu mmoja, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na maji ya ziwa Singidani yana chumvi. Mwenye kutegemea mpunga hapo atakufa njaa. Mwenye uwele na mtama ataishi. Wanyaturu walifunga ndoa baina ya jembe na zizi: samadi ya ng'ombe hurutubisha shamba, na nafaka ya mwaka wa neema hubadilishwa mifugo iwe akiba ya mwaka wa ukame. Ardhi ya namna hii haikusanyi watu ndani ya kuta, bali huwatawanya. Na kutawanyika huko ndiko kuenea kwenyewe.

Matunda yake ni makubwa. Katika mkoa huu wanakutana Wanyaturu na Wanyiramba wenye lugha za Kibantu, Wataturu wenye lugha ya Kiniloti, Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, na Wahadzabe wa Mkalama, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Wafugaji wa Kikushi walikuwamo katika nyanda hizi za Bonde la Ufa yapata miaka 3,000 iliyopita. Wakulima wa Kibantu wakawakuta. Ni miji michache ya mawe inayoweza kujivunia mkutano kama huo.

Pwani ilipoijua nchi hii, iliijua kwa njia ya misafara ya karne ya 19, na jina lililobaki ni Mgunda Mkali, lile pori la ukame baina ya Ugogo na Unyanyembe. Jina hilo ni shairi zima. Mgunda, kwa Kinyamwezi, ni shamba. Wapita njia wenye kiu waliuona ukali wakausahau mgunda.

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, hakusahau. Mwaka 1954 aliwaandikia Wagogo historia, mila na desturi zao kwa Kiswahili, na pia akatunga mashairi yenye kufuata vina na mizani. Akathibitisha kwamba arudhi ya pwani ina nafasi ya kuibeba nchi ya uwele. Waliomsifu kwa ufundi wa ngonjera wamekuwa wepesi kuliko waliomfuata katika hilo. Lugha iliyosafiri mpaka Ujiji haina udhuru wa kuimba jahazi peke yake. Deni lake kwa mwenye jembe ni la tangu Tumbe, wala halijalipwa.