Ukumbusho Ukutani: Maumivu ya Jana katika Sebule ya Leo

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno ukumbusho halikuishia kwenye minara na sherehe. Katika miaka ya 1970 lilitumika pia kutaja picha zilizochorwa kwa rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, zikauzwa kwa bei nafuu na kutundikwa sebuleni. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1976, walionyesha kwamba picha hizo ziliainishwa kwa kufuata wakati: mambo ya mababu, mambo ya zamani, na mambo ya sasa. Nyingi kati ya zile za zamani zilihusu mateso. Basi yafaa kuuliza: kwa nini mtu aliyewahi kuonja kiboko, au ambaye baba yake alikionja, akitundike mbele ya meza yake ya chakula?

Jibu la kwanza limo katika sarufi. Kukumbuka ni tendo la mtu mmoja. Humjia hata asipotaka, kazini, njiani, usiku wa manane. Kukumbusha huhitaji wawili, na ukumbusho umezaliwa na kitenzi hiki cha pili. Picha haikuwekwa ili mwenye nyumba akumbuke, maana yeye hajasahau. Imewekwa ili mgeni aulize, mzee aeleze, mtoto asikie, kisha mazungumzo yaende kwenye mambo mengine. Uchungu uliokuwa ukizunguka moyoni bila mpaka umepewa mahali pake na saa yake. Maisha ya leo yanaendelea chini ya picha: watu wanakula, wanacheka, wanapanga mahari.

Mfano bora ni picha iitwayo Colonie belge, iliyorudiwa na wachoraji wengi. Mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika ameinua kiboko, na Mzungu amesimama akisimamia. Mhakiki aliyezoea kusifu upekee wa msanii angeona kurudiarudia huku kuwa udhaifu. Kumbe ndiko nguvu yake. Mfungwa yule si fulani bin fulani. Kila nyumba inaweza kumdai. Zaidi ya hayo, kama Bogumil Jewsiewicki alivyoeleza, picha hiyo ilisomwa pia kama habari ya dhuluma za utawala wa Mobutu, ambazo hazikuweza kuchorwa waziwazi. Hapa kumbukumbu si kimbilio la kuikwepa leo. Ni lugha ya kuisema leo wakati lugha nyingine zimezibwa.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, alilipeleka wazo hili mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja kuhusu historia ya nchi, akamweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili. Kitabu cha Fabian, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996. Wamo wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. Yumo Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huu huu, na nyuma yake misalaba mitatu. Hata hivyo mfululizo haukomi makaburini. Unaendelea hadi wakati ujao.

Misalaba ile inafariji, lakini faraja yake ina gharama. Kifo kikishafanana na kile cha Golgotha, swali la nani alimtoa Lumumba, na kwa mikono ya nani, hupungua ukali. Hapa ndipo mpaka wa ukumbusho unapoonekana. Sebule iliweza kubeba kiboko cha Mbelgiji kwa sababu mwenyeji na mgeni walikubaliana ni nani mpigaji. Mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Shaba, aliyetenda na aliyetendwa mara nyingi walikuwa wamesoma darasa moja na kuteka maji bomba moja. Picha ya namna hiyo ikitundikwa, mgeni aweza kuwa ndiye anayeonekana ndani yake.

Hilo halibatilishi ukumbusho. Linadai zaidi kutoka kwake. Sanaa hii imeonyesha kwamba mtu anaweza kuishi leo bila kuifukuza jana, mradi apate wa kumkumbusha na wa kumsikiliza. Kazi ngumu iliyobaki, kwa wachoraji, waandishi na watafiti wa Kiswahili, ni kuutafutia uchungu uliotoka kwa jirani ukuta ambao jirani huyo naye ataweza kukaa chini yake.